Mkojo wa Jumatatu

Kila Jumatatu fundi alikojoa kwenye kikopo, akakifunika, akachana nywele, akaondoka akipiga mluzi. Mkojo haukumsumbua mkewe. Nywele na mluzi ndivyo vilivyomchoma roho.

Fundi aliyeyusha madini ya risasi kutoka kwenye betri kuukuu, na mafundi wote wa tanuru walipimwa.

"Risasi hula figo kimyakimya," alimweleza mkewe. "Figo ikichubuka, inamwaga kimeng'enya kwenye mkojo kabla hujasikia maumivu. Dada wa maabara ndiye anayekipima. Changu kimeanza kupanda, kwa hiyo ananiita kila wiki."

"Ana jina zuri kweli."

"Sijamtaja jina."

"Ndiyo maana. Jina baya halifichwi."

Mke alikwisha kumwona huyo dada sokoni: meno meupe, kucha safi, na mdomo uliomwita "wifi". Wifi wa nani?

Akapiga hesabu zake. Mkojo ukiwa safi, safari za maabara zitakoma. Na yeye hajawahi kukanyaga tanuruni. Jumatatu iliyofuata, fundi akiwa anaoga, akamwaga ule wa kikopo chooni, akajaza wake.

Siku ya majibu alivaa gauni lake la harusi za watu, akaandamana na mumewe. Alitaka kuuona uso wa mwenzake ukiaga.

Dada wa maabara hakutabasamu. "Kaka, kimeng'enya kimepanda hadi mara tatu. Tanuru basi. Leo hii namwambia bosi wako."

Fundi aliketi bila kuambiwa. Kazi nyingine hakuijua.

Kusema mbele ya yale meno, afadhali mke angekunywa hicho kikopo. Lakini mumewe alikuwa anaitazama mikono yake kama vyombo vilivyouzwa.

"Ni wangu," akasema.

"Nini chako?"

"Mkojo."

Fundi aligeuka taratibu. Dada wa maabara hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu. "Ovaroli zake nani anafua?"

"Nani mwingine? Mimi." Akajibu kama vile kuna mtu ameiomba hiyo kazi.

"Unazikung'uta kwanza?"

"Ukutani, mpaka vumbi lote litoke."

"Vumbi hilo ni risasi, na linaingia kwako, wifi. Kuanzia leo zifuliwe hukohuko kazini." Akamsogezea vikopo viwili. "Daktari atakuona sasa hivi. Halafu Jumatatu mlete, kila mtu wake. Au kaka atakuletea na wako?"

"Tutakuja pamoja," mke akadakia. "Kila Jumatatu."