Gauni Litamtosha

Nguo ya kuazima haisitiri matako, ndivyo walivyosema wahenga, lakini wahenga hawakuliona gauni hili. Hili lilisitiri. Lilimsitiri mdogo wangu matako, mgongo, mabega na sauti, hadi ikafika siku nikawa namtafuta mwenyewe ndani yake simpati.

Mimi ni fundi cherehani. Nafanyia kazi chumba cha mbele nyumbani kwetu: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu, pazia la kubadilishia nguo. Nina daftari la vipimo, na ukurasa wake wa kwanza ni wa mdogo wangu. Tunamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo. Akiingia mahali, redio huzimwa, maana haina kazi tena. Ana mwanya katikati ya meno ya mbele, na shemeji, yaani mchumba wake, husema alianza kuupenda mwanya, mwenye mwanya akafuata baadaye.

Wiki mbili kabla ya kupiga picha za uchumba, mama wa shemeji alikuja na gauni la satini ya rangi ya krimu, mikono mirefu, shingo ya juu. Alililaza mezani kwangu taratibu kama analaza mtoto.

"Lilikuwa la mchumba wa kwanza wa mwanangu," alisema. "Walipiga picha Jumamosi. Haukupita mwezi tukamzika. Sasa Mungu amenipa mwingine, nataka aanzie pale mwenzake alipoishia."

Nilimsukuma Chiriku nyuma ya pazia. "Umekubali hili?"

"Dada, ni nguo tu," alininong'oneza. "Mama wa watu amenililia mpaka kamasi. Ningemwambia nini? Pole, nenda kaniletee lenye punguzo?"

Akalivaa. Zipu ikagoma kiganja kizima kabla ya kufika juu.

"Vuta pumzi."

"Nimeivuta. Nikivuta zaidi nitavuta na pazia."

Nikatoka. "Mama, linambana. Nitalitanua kidogo ubavuni na mabegani."

"Usilitanue, fundi." Hakupaza sauti. Alikuwa anatazama pazia, si mimi. "Lipige pasi tu. Litamtosha."

Wiki iliyofuata Chiriku alirudi kujaribu, na zipu ikapanda bila kuguna. Nikadhani amejinyima kula kama maharusi wote. "Umeacha mkate, mwanamke?"

"Nakula kama kawaida," alijibu. Basi. Hakuongeza neno. Hapo ndipo nilipochukua futi ya kupimia.

Nina desturi moja kazini: naanza na mfupa. Kiuno kina unafiki, huongezeka kwa raha na kupungua kwa karaha. Tumbo ndiyo usiseme. Bega la mtu mzima halidanganyi. Lipime leo, lipime baada ya miaka kumi, litakujibu vilevile. Bega la Chiriku, tangu amalize kukua, ni inchi kumi na sita. Nikapima. Kumi na nne na nusu. Nikaitupa futi ile, nikafungua mpya. Kumi na nne na nusu. Alipolivua gauni nikalilaza mezani na kulipima lenyewe, bega hadi bega.

Kumi na nne na nusu.

Nikamtengenezea chai, vijiko vitatu vya sukari kama apendavyo tangu utotoni. Akaionja, akairudisha mezani. "Tamu mno," alisema, akafuta midomo kwa ncha ya kidole, kidogo kidogo, kama mtu anayeogopa kuichafua midomo ya mwenzake.

Nilimweleza mama yangu jioni ile tukichambua mboga. Akacheka. "Hizo futi zako za plastiki zinavutika. Na bibi harusi gani asiyenyamaza?" Kisha kicheko kikakauka. "Mwanangu, wewe ndiye mkubwa na hujaolewa. Ukianza kusema mambo haya, watu watakuita mwenye kijicho. Shona, nyamaza."

Nikanyamaza. Kosa langu ni hilo, na ni hilo tu.

Alhamisi mama wa shemeji alituita nyumbani kwake tuone jinsi gauni litakavyokaa mbele ya kamera. Mpiga picha alikuwa ameshafika, kijana mcheshi mwenye fulana yenye mifuko hata mahali pasipohitaji mfuko. Sebule ilikuwa safi ya kutisha. Ukutani palikuwa na picha moja tu: shemeji, mwembamba kuliko sasa, amesimama nyuma ya kiti, na kitini mwanamke mwenye gauni lile. Nywele amezigawa upande wa kushoto. Mkono mmoja juu ya mwingine. Anatabasamu, meno yamepangana bila nafasi.

Chini ya dirisha kulikuwa na kiti kilekile. Miguu yake minne ilizungushiwa alama za chaki sakafuni.

"Kisisogee," mama wa shemeji alimwambia mpiga picha. "Na taa yako ukae nayo. Ile ilipigwa kwa mwanga wa dirisha, saa nne asubuhi."

Alipoingia jikoni na Chiriku, mpiga picha alinisogelea. "Fundi, mimi nimesomea hii kazi. Nina lenzi tatu. Leo nimeajiriwa kuwa mashine ya fotokopi."

Sikuweza kucheka. Shemeji alikuwa amejiweka nyuma ya kiti kitupu, anafanya mazoezi. Mkono wake aliuinua, akauteremsha, akausimamisha hewani, pale hasa ambapo bega la mtu lingekuwa. Mkono haukutikisika hata kidogo. Ulikuwa umeegemea.

"Shemeji," nilimwita.

Akaushusha haraka. "Dada, na wewe unaona Chiriku amekuwa mkimya sana?"

"Naona. Wewe utafanya nini?"

Akatazama mlango wa jikoni. "Mama ameteseka sana," alisema. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake, na nilijua siku hiyo kwamba katika nyumba ile mdogo wangu hana mtu.

Jumamosi saa tatu asubuhi nilikuwa chumba cha ndani cha nyumba hiyo hiyo, namvisha. Chiriku alikaa mbele ya kioo ameshagawa nywele zake mwenyewe, upande wa kushoto. Nilimsimulia kichekesho cha jirani yetu aliyefukuzwa na bata wake mwenyewe, kile ambacho yeye ndiye hunisimulia mimi. Alinisikiliza kwa adabu, kama mgeni. Mwishoni akatabasamu.

Mwanya haukuwepo.

Nilimshika kidevu, nikamgeuzia dirishani. Nikapitisha ukucha wangu kati ya meno yale mawili, pale ambapo utotoni alikuwa akipitisha njiti ya kiberiti kutuchekesha. Ukucha haukupita. Yeye hakushangaa wala hakunizuia. Alisubiri tu nimalize, kisha akautoa mkono wangu usoni pake, polepole, akaniambia kwa sauti laini ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani kwetu:

"Asante, fundi."

Fundi! Mimi niliyembeba mgongoni.

Nilijaribu zipu kwanza. Mimi si mwendawazimu. Haikushuka. Nilitafuta meno ya zipu kwa kidole nisiyapate, mshono wa mgongoni ulikuwa laini kama ngozi. Nikauchukua mkasi wangu mkubwa, nikaupitisha shingoni, bapa la chini likiwa baridi juu ya uti wake, nikakata. Satini hupiga mlio mkali ikikatwa. Hii haikulia. Ilijiachia kwa uzito, kama kukata kitu kilicholowa. Nikashuka hadi kiunoni, nikageukia bega la kulia, kisha la kushoto, na nilipofika kwenye kwapa, Chiriku akapiga yowe.

"Dada! Dada, unafanya nini?"

Sijawahi kusikia neno tamu kama lile.

Akanitukana. Alianza pale pale, vipande vikimwanguka miguuni, akaendelea ndani ya teksi, akamalizia nyumbani saa saba mchana bila kituo. Aliniita mchawi, mwehu, mgumba wa bahati, mwanamke aliyeshindwa kufunga ndoa akaamua kukata za wenzake. Alipofungua mdomo kuvuta pumzi niliuona mwanya. Nilimpima wakati analia kitandani, akanipiga teke, lakini nilishapima. Sitamwambia mtu nilipata ngapi, maana wasioniamini hawataniamini.

Ila mama wa shemeji hakupiga kelele siku ile. Aliingia chumbani, akapiga magoti, akaokota kila kipande, hata nyuzi. Kisha akaniuliza, kana kwamba nimemwangushia sahani: "Utalishona lini?"

Jana kulikuwa na kikao sebuleni kwetu. Mama ametandika kitambaa kipya mezani. Shemeji anatazama viatu vyake. Mama yake amekaa wima, vipande vya gauni amevikunja magotini, amevipiga pasi kimoja kimoja.

"Sina kinyongo," alisema. "Sitaki fidia. Nataka neno la samahani, kisha alishone kwa mkono wake uliokata. Picha zipigwe, watoto waoane."

"Neno moja tu, mwanangu," mama alinisihi. "Samahani haivunji mfupa."

Nilikuwa namtazama Chiriku. Alikuwa amekaa kati yao, amenikasirikia hadi midomo imemvimba, na nilishukuru kwa hasira ile. Alisema maneno yake yote kwanza: kwamba nimemdhalilisha, kwamba hatanisamehe, kwamba harusi ni yake na gauni ni shauri lake. Halafu, huku bado anaongea, mkono wake ukasogea kwenye magoti ya yule mama, ukaanza kukipapasa kipande cha juu. Sentensi ikapungua. Ikapungua tena. Ikaisha kabla ya kufika mwisho wake.

Yule mama alitabasamu, akavisukuma vipande vyote mezani kuelekea kwangu. Wote wakanigeukia.

Niliinuka, nikauondoa mkono wa mdogo wangu pale na kuushika mimi. Alijaribu kunipokonya. Sikuuachia.

"Mama," nilimwambia yule mama, kwa heshima zote, "sikukosea. Sitalishona. Ukilipeleka kwa fundi mwingine nitamfuata huko huko na mkasi."

"Omba radhi!" mama yangu alilia.

Siombi.