Piaba wa Deusdete

Jumapili baada ya misa, Ozenira alikuwa sebuleni akibadilisha maji ya tangi la samaki. Alinyonya theluthi moja kwa mpira, akajaza maji ya mto, yale meusi yenye rangi ya chai kavu, kwa sababu maji ya bomba yanawaua piaba kabla kahawa haijapoa. Tangi lenyewe alilitengeneza mumewe, Deusdete, kwa vioo vya duka lililofungwa. Piaba ni samaki wasiozidi pingili mbili za kidole, mgongo wa buluu, tumbo jekundu. Kwetu huku sehemu za juu za Mto Negro tunawavua na kuwapeleka ng'ambo wakapambe nyumba za watu tusiowajua. Ozenira alipomaliza kumimina ndoo, piaba wote wakajikusanya pamoja, wakawa Deusdete.

Alikuwa na urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Ameinama, wavu wa mkono ameushika, bega la kushoto limelegea vilevile. Ozenira akajifuta mikono kwenye gauni.

"Umekonda," akamwambia, kisha akaenda jikoni kugeuza samaki asiungue.

Deusdete alipotea mto ulipofurika. Habari ililetwa na Aldenor, mdogo wake Ozenira, aliyeajiriwa kulinda kijito cha hoteli ya wageni wanaovua kwa starehe. Alisema shemeji yake amezama kwenye mto mkubwa. Akakabidhi mtumbwi, kofia, na beseni la piaba wazima, wanaruka, ingawa safari ilikuwa ya kutwa nzima juani. Hakuna aliyemuuliza ni nani aliyekuwa akiwabadilishia maji njiani. Kwetu mwanamume ataacha godoro lake liungue lakini beseni la piaba ataliokoa. Ozenira aliwamimina wale piaba kwenye tangi na kumpikia mdogo wake chakula.

Alichokitaka tangu siku hiyo ni kimoja tu: mwili, auzike. Watu walifanya inavyofanywa. Waliwasha mshumaa ndani ya nusu kibuyu, wakauweka juu ya maji pale alipoonyesha Aldenor, maana mshumaa husimama juu ya mtu aliyezama. Haukusimama. Ulipanda kinyume cha mkondo hadi kwenye kijito cha hoteli, ukaugonga mnyororo uliofungwa mdomoni mwa kijito, ukazimika. Watu wakasema ni upepo. Siku hiyo hapakuwa na upepo wa kutikisa hata unyoya wa kuku, lakini mji wetu ukitaka upepo hauukosi.

Sasa Deusdete alikuwa sebuleni kila jioni, na majirani wakawa wanapita kumsalimia. Iracilda wa nyumba ya pili, ambaye jicho lake haliachi kitu, ndiye aliyesogeza miwani na kuinama mbele ya kioo.

"Ozenira, huku nyuma yake pana mkono. Mkono na kafi. Mwenyewe hayupo."

"Samaki hawakutosha," alisema Ozenira.

"Basi si tuongeze? Mji mzima wa wavuvi, tushindwe na mtu mmoja kwa kukosa piaba!"

Wakaongeza. Kila nyumba ilileta bakuli au ndoo, kwa mkopo. Sajini wa polisi naye alileta, kwenye chupa. Aldenor alileta beseni kubwa kuliko yote. Angefanyaje? Yeye ndiye mvuvi hodari, na watu walikuwa wanatazama. Akamimina mwenyewe, taratibu, akahakikisha hakuna hata mmoja aliyeanguka sakafuni. Akapewa kikombe cha kahawa, akasimama mlangoni.

Wengi walikuwa na hakika kwamba atatokea mwenye hoteli. Wengine walitaja mgeni fulani mlevi. Piaba walianza na bega, wakajaza kifua, wakashuka miguuni, uso wakauacha mwisho. Ulikuwa uso wa Aldenor, hata mwanya wa meno ya mbele haukusahaulika.

Kafi likashuka. Deusdete akaanguka kati ya mizizi ya miti ya kijitoni, akatulia. Kisha yule Aldenor wa majini akaliweka kafi kando, akalivuta beseni, akaanza kuwabadilishia piaba maji kwa kiganja, polepole, kwa upole wote wa duniani, ili wafike wazima.

Samaki hawakumshtua Ozenira, samaki walifanya kazi waliyoletewa. Kilichomkata maini ni kile kiganja. Alikijua. Alikifundisha kushika kijiko, mama yao alipokufa, na alikuwa amekibeba begani kikiwa kimelala.

"Mimi si mnene hivyo," alisema Aldenor kutoka mlangoni.

Akakiweka kikombe cha kahawa chini.

"Nilimwambia kijito kimefungwa, dada. Nilimwambia, nikamwambia. Yule mtu alikuwa na kichwa kigumu, hata wewe ulikuwa unasema."

"Yuko wapi?"

"Si umeona? Kwenye mizizi."

"Nipeleke nikamtoe."

"Ndani ya mnyororo?" Aldenor alionekana kuumia kweli. "Dada, unataka nifukuzwe kazi?"

Watu wakamgeukia sajini. Sajini alimaliza kwanza kahawa yake, ambayo ilikuwa nzuri, akaisifu. Akasema samaki hawali kiapo, na wenye mwanya mjini ni wengi. Mkewe hupika hotelini. Kaka yake Iracilda huendesha boti ya hoteli. Ukihesabu vizuri, hapakuwa na nyumba isiyokula kutoka kule, na jioni ile kila mmoja alihesabu kimoyomoyo huku akitazama sakafu.

Asubuhi wakaanza kuja kuchukua samaki wao. Walikuja kwa adabu, kofia mkononi.

"Dada Ozenira, wale wangu nilikuazima tu, unajua."

Kila mtu aliapa kwamba anawajua wake kwa sura, akachota. Iracilda alikuja wa mwisho, na siku hiyo hakuvaa miwani.

"Usinichukie," alisema.

"Chota," alisema Ozenira.

Aldenor hakuchukua wake. Alikuja Jumapili, kama kawaida, na ndoo mbili za maji ya mto begani.

"Wangu waache," alisema. "Wameshazoeana na wale wa shemeji. Ukiwatenganisha watakufa."

Hilo lilikuwa kweli, na kila mvuvi analijua. Basi wakabaki wawili ndani ya tangi: Deusdete kati ya mizizi, na mwenzake, ambaye sasa alikosa miguu lakini uso alikuwa nao. Kule kijitoni mnyororo ulipakwa rangi mpya kwa ajili ya msimu wa wageni.

Ozenira alisaga unga wa muhogo ukawa vumbi, akasimama mbele ya kioo kwa muda mrefu, ngumi imefumbwa. Alitafuta namna ya kumlisha mumewe peke yake. Alijaribu kona ya kulia, akajaribu ya kushoto. Kila alipodondosha, wote walipanda pamoja, wakala pamoja, na hakukuwa na njia ya kujua yupi ni wa nani.

"Waongezee kidogo," alisema Aldenor nyuma yake. "Wana njaa."

Akawaongezea.