Jembe la Siku ya Maziko

Udongo wa kaburi ulikuwa bado chini ya kucha za Mukandori alipoinua jembe. Hakuwa amepata wakati wa kuutoa. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni, na mara utakapoondoka alitaka mlima mzima umwone yuko shambani, ameinama, kama mwanamke ambaye usiku wake ulipita salama.

Katika milima ya Ngungu jembe hutangaza habari kabla ya kengele. Nyumba iliyofiwa haiinui jembe siku nane, na majirani nao, siku ya maziko, huacha mashamba yao mpaka marehemu afunikwe. Kwa sababu hiyo kila asubuhi wanawake wakitoka nje huangalia kwanza ng'ambo ya bonde. Shamba lisilo na mtu ni habari. Shamba lenye mtu ni amani, wala hakuna anayeuliza zaidi.

Mukandori alilima. Aliinua jembe juu kuliko desturi yake, juu ya kichwa kabisa, ili chuma kishike mwanga, akalishusha kwa nguvu isiyohitajika katika udongo ule mweusi na laini. Nyuma yake, katika migomba, chini ya majani makavu aliyoyatandaza kwa uangalifu, alilala Nyiramana, mama wa marehemu mumewe. Bibi kizee alikata roho alfajiri, baada ya siku tatu za kuhara damu. Alikuwa mwepesi kama mzigo wa kuni za kiangazi. Mukandori alimbeba peke yake, akamchimbia peke yake kwa jembe hili hili, akasema Baba Yetu na Salamu Maria kwa sauti ya chini, akasahau Atukuzwe Baba, akaikumbuka alipokuwa tayari anakanyaga udongo. Kisha akatoka upande wa pili wa nyumba na kuanza mstari wa kwanza wa maharage.

Ugonjwa huo watu waliuita macinya. Ulishuka pamoja na kiangazi cha mwaka ule wa hamsini na tatu, chemchemi zilipopungua na kubaki matope. Kutoka Bihambwe hadi Ngungu hapakuwa na Jumapili bila msiba. Muuguzi wa zahanati, Honoré, mtu mfupi mwenye koti la kaki, alipita nyumba kwa nyumba akiwafundisha watu kunawa kwa majivu. Palipokuwa na mgonjwa au maiti alilaza tawi la mkaratusi njiani mbele ya uzio, na kuanzia saa ile watu wa nyumba hiyo hawakuruhusiwa kwenda sokoni, wala kanisani, wala ziwani, kwa muda wa siku kumi na tano. "Si upepo, na si muchawi," aliwaambia siku aliyopita kwa Mukandori, naye Nyiramana akiwa bado mzima, akitafuna muwa kwa meno yake mawili. "Mikono njo inabeba macinya."

Na tarehe kumi na tatu Agosti meli ingeondoka bandarini Sake.

Padri mkuu alikuwa amewapatia Wakristo wa Ngungu nafasi kumi na mbili katika meli ile, ili wakahudhurie nadhiri za watawa karibu na Bukavu, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Watu walilizungumzia jambo hilo tangu Pasaka, kwa kuwa wengi wao walilitazama ziwa maisha yao yote kutoka juu, wala hawakuwahi kukanyaga mbao za meli. Jina la Mukandori lilikuwa la kwanza katika orodha. Élisabeth, mtoto wake wa pekee aliyebaki hai, alikuwa mmoja wa wale watakaopewa kitambaa cheusi cha utawa siku hiyo. Baada ya hapo angetumwa kwenye misioni mpya ndani ya msitu wa Walikale kuwauguza wenye ukoma, na kanuni ya shirika lake haikumruhusu kurudi kwao kabla ya miaka kumi. Mukandori hakuujua umri wake kamili, ila alijua kwamba miaka kumi ni mingi.

Miaka minne alikuwa hajauona uso wa binti yake. Siku moja tu ya kuuona ilibaki, na ilikuwa ng'ambo ya maji.

Jua lilipokuwa utosini Straton alikuja. Alikuwa katekista wa kikanisa chao, mtu mrefu, mkavu, mwenye penseli nyuma ya sikio na karatasi iliyokunjwa ndani ya katekisimu. Alisimama nje ya uzio. Alieleza kwamba anathibitisha majina, kwamba wasafiri wataondoka keshokutwa alfajiri kwenda kulala Sake, na kwamba padri ameagiza kila mmoja aulizwe swali moja mbele ya Mungu.

"Mama Élisabeth, kwenu iko salama?"

Mukandori hakusimamisha jembe. "Kwetu iko salama, Papa."

"Na bibi?"

Jembe lilipanda, likatua. "Analala."

Straton aliutazama mstari uliolimwa, akautazama na mwingine, akaridhika. Angeridhika vipi zaidi ya hapo? Mwanamke aliyefiwa hangekuwa shambani. Alitia alama ndogo mbele ya jina, akamwambia asisahau blanketi kwa kuwa ziwa lina baridi, akashuka kwa wengine.

Asubuhi iliyofuata Mukandori alipiga magoti mbele ya jiwe la kusagia. Zawadi aliyokuwa ameikusudia ilikuwa unga wa ulezi, ule mwekundu ambao Élisabeth aliupenda akiwa mdogo, ambao alikuwa akiulamba jiweni kabla haujafika kwenye chungu. Alinawa mikono kwa majivu mara tatu. Alisugua kwa gunzi mpaka ngozi ikauma. Udongo mweusi chini ya kucha ulipungua, lakini haukwisha.

Alisaga. Unga ulianza kushuka ukingoni mwa jiwe na kuingia katika kikapu, nao ulikuwa mzuri, laini kama vumbi la njiani. Hapo ndipo alipoiona mawazoni meza ya sikukuu kule kwa watawa. Alikuwa hajawahi kuiona, lakini aliiona: ndefu, yenye wasichana waliovaa nguo nyeupe pande zote mbili, na katikati yao uji wake ukipita kutoka mkono hadi mkono. Kwa desturi ya kwao mama ndiye anayeonja kwanza, kisha anampa mtoto kibuyu chenye alama ya midomo yake. Élisabeth angekunywa mahali pale pale. Hangefuta. Angekunywa akicheka.

Alikumbuka kwamba juzi tu Nyiramana alikuwa amenywea katika kibuyu hicho.

Mkono uliendelea kusaga peke yake kidogo, kama mkokoteni unaoteremka baada ya mtu kuuachia. Halafu ukasimama. Mukandori alikaa akiutazama unga. Alijaribu hesabu zote. Angeweza kwenda bila zawadi. Angeweza kumtazama binti yake kwa mbali, asimguse, aseme ana kikohozi. Lakini alijijua. Alijua kwamba akiuona uso ule hakuna miguu ambayo ingemzuia. Na tena, ndani ya meli, watu kumi na mmoja wangekaa naye bega kwa bega siku nzima, wakila viazi kutoka kapu moja.

Aliumwaga unga wote motoni. Moshi wake ulinuka kama mkate.

Straton alikuwa akifagia mbele ya kikanisa alipomwona anapanda. Mukandori hakuingia uani. Alisimama chini ya ngazi, mikono nyuma ya mgongo.

"Papa Straton, ufute jina yangu."

Straton alidhani ni hofu ya maji. Alianza kumweleza kwamba meli ni ya chuma, kwamba hata masista wa kizungu hupanda, kwamba mwanamke wa miaka yake asione haya kuogopa. Mukandori alimwacha amalize.

"Jana nilikuambia bongo, sikusema kweli. Bibi amekufa na macinya. Alikufa mbele ya wewe kunifikia."

Ufagio ulisimama. "Lakini nilikuona unalima."

"Nililima."

"Marehemu iko wapi?"

"Mu migomba, nyuma ya nyumba."

"Nani alimuzika?"

"Mimi. Hakuwa muzito."

Straton alichukua penseli nyuma ya sikio, akailowesha kwa ulimi, akalikata jina la Mukandori kwa mistari miwili iliyonyooka. Juu yake akaandika jina la Adelaïde, jirani, ambaye tangu Pasaka alikuwa akimwomba nafasi kila baada ya misa. Kisha akaenda kuvuta kamba ya kengele.

Mlima ulisikia. Mukandori akiteremka aliona majembe yanalazwa moja baada ya jingine pande zote za bonde, kwa heshima ya kizee aliyekuwa ardhini tangu jana. Honoré alifika, akalaza tawi la mkaratusi njiani, akanyunyiza chokaa juu ya kaburi, akachoma mkeka. Watu walikuja wakasimama upande wa pili wa tawi. Ugonjwa hawakuutaja sana. Walitaja jembe. Shemeji yake, mwana wa marehemu, alisema mbele ya wote kwamba mama yake amezikwa kama mbwa, jembe likainuliwa kabla hajaliliwa, na kwamba kuanzia siku ile yeye hana tena ndugu katika nyumba hii. Aliyasema bila kupaza sauti, akaondoka, wengine wakamfuata.

Jioni hiyo Adelaïde alikuja. Shamba lake na la Mukandori yalitenganishwa na safu ya matete tu, na miaka yote walikuwa wakiazimana moto. Sasa alisimama mbali, mbali kuliko Honoré alivyoagiza, kitambaa kipya kichwani. Alisema amekuja kuuliza salamu za kupeleka, kwa kuwa wataondoka alfajiri.

"Sikuomba nafasi yako, Mama Élisabeth. Walinipa."

"Ninajua."

"Lakini kulima siku ya maziko! Mimi singeweza. Hata kama ni kwa kuona malaika, singeweza."

Macho ya Mukandori yalikuwa mlangoni pa Adelaïde, ng'ambo ya matete, ambapo kila siku mzee Mbonigaba, baba mkwe wa Adelaïde, alikaa kwenye kigoda chake cha miguu mitatu akiota jua mpaka liondoke. Kigoda kilikuwepo, kitupu.

"Muzee hakutoka leo?"

"Baridi imemushika kidogo," alisema Adelaïde, akirekebisha kitambaa. "Njo maana iko ndani. Unipe salamu zako, giza inaingia."

Salamu alizokuwa amezitunza miaka minne zilikuwa nyingi. Zote zilimkimbia. "Umwambie mama yake iko muzima," alisema mwishowe. "Umukumbatie mahali pangu. Umushike sana, kama mimi."

"Nitamushika," alisema Adelaïde.

Wakaondoka alfajiri, kumi na wawili, wakiimba. Siku nzima Mukandori alikaa sakafuni kama mfiwa anavyopaswa kukaa, jembe limelazwa ukutani, na kwa mara ya kwanza akamlilia Nyiramana. Hakuna aliyekuja kulia pamoja naye.

Tarehe kumi na tatu aliamka kabla ya jua. Kutoka mbele ya uzio wake, kati ya vilima viwili, kilionekana kipande cha ziwa kisichozidi kiganja, na alitaka kuiona meli ikipita pale. Ukungu ulichelewa kufunguka. Alikuwa bado anaungoja aliposikia jembe.

Lilikuwa jembe la Sebarenzi, mume wa Adelaïde. Mukandori alilisikiliza kabla ya kugeuka, kwa maana lilikuwa na kitu alichokijua. Lilipanda kwa muda mrefu. Lilishuka kwa kishindo. Alipogeuka alimwona katikati ya shamba lao la juu, lile ambalo yeye na mkewe walilimaliza wiki iliyopita, na ambalo Mukandori mwenyewe alilisifu. Alikuwa akililima tena, mstari kwa mstari, akiinua jembe juu ya kichwa ili chuma kishike mwanga. Udongo ulikuwa umemkaukia mpaka magotini.

Mlangoni kigoda hakikuwepo.

Mukandori alikwenda mpaka kwenye tawi la mkaratusi. Majani yake yalikuwa yameanza kujikunja.

"Papa Sebarenzi," aliita, "kwenu iko salama?"

Jembe halikusimama. "Kwetu iko salama, Mama."

"Na muzee?"

Jembe lilipanda, likabaki juu kidogo, likatua.

"Analala."

Ukungu ulikuwa umefunguka. Katika kile kipande cha ziwa meli iliyombeba Adelaïde ilikuwa ikipita, ndogo kama punje ya ulezi, na moshi wake ulinyooka juu katika hewa isiyo na upepo. Mukandori alisimama, vidole vya miguu vikigusa majani makavu ya tawi, akaitazama mpaka kilima cha pili kilipoifunika. Nyuma yake Sebarenzi aliendelea kulima udongo uliokwisha kulimwa.