Anayelia Aachwe Kwanza

Oluoch alipiga kelele tena ndani ya kompyuta, na Adongo, mjane wake, akaacha kuchambua dagaa wa omena.

Kwenye video Oluoch alikuwa amelala vumbini, mguu umepinda kama uliovunjika. Mwaka juzi jeshi lilimchagua aigize majeruhi kwa sababu ya sauti yake kubwa. Siku hiyo alirudi hapa Kisian akicheka mpaka akakohoa. Mwaka jana, kule mpakani, hakukuwa na kuigiza. Alirudi ndani ya sanduku.

Sasa mdogo wake, Obiero, alikuwa akisomea utabibu wa jeshi, na mtihani wa kesho ulikuwa video hiyo hiyo. Unakuta majeruhi wawili, unabofya wa kuhudumia kwanza, kisha unabofya kila hatua ya kumtibu. Akifeli, anarudishwa kulinda geti.

Obiero akabofya Oluoch. Askari wa pili, aliyenyamaza kando ya gari, akakata roho. Skrini ikawa nyeusi.

"Aki shem! Umemkimbilia tena?"

"Ananiita."

"Anakuita wapi? Hata jina lako hajataja."

"Anayelia anapumua, aliyenyamaza ndiye wa kwanza. Najua! Video zingine zote sikosei. Lakini huyu..."

Adongo akapangusa mikono kwa leso, akasimama nyuma yake. "Anza upya."

Oluoch alipoanza kulia, Adongo akamziba Obiero masikio kwa viganja vyake vinavyonuka omena, akakaza. Obiero akabofya aliyenyamaza. Akamwinua kidevu, akamtoa damu mdomoni, kifua kikapanda. Muda wote huo Oluoch alilia mpaka sauti ikakwaruza, na Adongo akaisikia yote, peke yake.

Skrini ikaandika: Umefaulu.

"Kesho ukumbuke hizi mikono," Adongo akasema, akamwachilia.

Obiero akatoka nje kunawa uso.

Adongo akaketi kwenye kiti cha Obiero. Akabofya mwanzo, kama alivyomwona shemeji akifanya. Oluoch akalia, naye akambofya palepale. Akaufunga ule mguu vijiti, pole pole, mpaka kelele zikaisha. Oluoch akafumbua macho, akamtazama. "Asante, daktari."

Kando ya gari yule mwingine akafa.

"Nisamehe, mtoto wa wenyewe," Adongo akamwambia.

Skrini ikawa nyeusi. Akatafuta tena pale pa kuanzia.