Sanduku la Bluu Juu ya Mnara wa Buterere

Mpaka leo nikiona rangi ya bluu mbichi natema mate. Ndiyo rangi ambayo Maxime, mkuu wa mradi wetu, alilipaka sanduku lililotaka kumwua shangazi yangu.

Kazi yangu mimi ilikuwa safi. Mto unaoshuka kutoka milimani tulikuwa tumeuwekea kipimo chini ya daraja, mbali huko juu, kifaa kidogo kinachosoma kina cha maji na kutuma habari kwa redio. Huku mjini, mtaa wa Buterere, nilipanda mnara wa tangi la maji la shule, kamba kiunoni, nikafunga kipokezi: kiboksi cheupe, antena, waya wa radi, na king'ora chini yake. Maji yakizidi darajani, kipimo kinatuma bila kukoma, kipokezi kinapokea, king'ora kinalia, watu wanapata nusu saa ya kujiokoa. Nilikijaribu nikiwa bado juu, kikalia mpaka kunguru wakahama.

Nusu saa hiyo niliitaka kwa ajili ya shangazi Sijaona. Anakaa bondeni katika nyumba ya matofali mabichi, mguu mmoja umepooza, na kutoka kitandani hadi barabarani lazima ashikwe. Majirani walikuwa wameahidi kwamba king'ora kikilia tu, watambeba.

Basi Maxime akaja kukagua, leso puani tangu alipofungua mlango wa gari.

"Batu ya huku ni baizi," akasema. "Iyi mashini wataiba kesho. Tuifungie."

Sisi wa mji huu tuna ugonjwa huo. Kitu tukikipenda tunakichomelea chuma. Jenereta ina kizimba, mita ya maji ina kizimba, hata feni ya kinyozi pale mtaa wa Bwiza ina kizimba chake. Akamwita Shakuru, mchomeleaji wa Bwiza, akamwagiza sanduku la bati nene lisilo na mlango, king'ora peke yake kibaki nje. Antena ndani!

"Direkta, chuma inazuia mawimbi," nikamwambia. "Antena haitasikia kitu."

"We Raihana, wageni wanakuja kwa inauguration, kufungua mradi. Wanataka kuona kitu ya nguvu. Na logo nitaiweka wapi, kwa hewa?"

Sanduku lilipokwisha kuchomelewa nilijaribu tena mbele yake. Kimya. Wahenga wanasema debe tupu haliachi kuvuma; hilo letu hata kukoroma halikukoroma. Akasema tutaona après, yaani baadaye. Akalipaka bluu, akaandika jina la mradi kwa herufi nyeupe kubwa. Wageni wakapiga makofi, wakala mishikaki, wakaenda zao. Nilikwenda ofisini kwake tena na tena kuomba ruhusa ya kulipasua, na kila mara alinionyesha picha za sherehe kwenye simu yake, huku akitafuna.

Sikio la kufa halisikii dawa. Asubuhi moja mvua ikapiga milimani, mjini jua linawaka. Mama mmoja anayeuza mihogo darajani akanipigia simu: maji yamepanda mpaka karibu na kipimo. Nikampigia shangazi, hapatikani. Nikamchukua Shakuru na nyundo na tindo yake, tukapanda pikipiki moja.

Tulikuta Buterere imekwisha kuingiliwa na maji. Maji yalikuwa ya kahawia, yamepita vyooni kwanza kabla ya kuingia majumbani, na yalibeba kila kilichokuwamo. Majirani waliyaona yalipofika mlangoni, kila mmoja akanyakua watoto wake. Siwalaumu. Walikuwa wakisubiri king'ora.

"Panda we, toa ile takataka!" nikamwambia Shakuru, nami nikaingia bondeni.

Nilimkuta shangazi amesimama kwa mguu mmoja juu ya kitanda, ameshika mti wa paa, maji yakimfika kiunoni. Uchafu wa watu ulikuwa umeganda kwenye mtandio wake. Nilimbeba mgongoni, nikitapika njia nzima, mpaka uwanja wa shule ulio juu kidogo. Hapo hapo Shakuru akaling'oa sanduku, likaanguka chini kwa kishindo, na king'ora kikaanza kulia.

Kililia kwa nguvu. Watu waliolowa mpaka kifuani waliinua macho wakakitazama.

"Iyo ndiyo ile yako, mwanangu?" shangazi akauliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Ina sauti muzuri."

Nilimkalisha juu ya sanduku, maana ndicho kitu pekee cha kukalia kilichokuwapo.

Maxime akafika na mpiga picha, buti mpya miguuni. Nilidhani atauliza wangapi wameokoka. Akatazama mnara, akatazama sanduku, akasema, "Mama, simama kidogo. Logo haionekane."

Na shangazi yangu, kwa malezi yake, akasema, "Pardon, muheshimiwa," akaanza kujiinua kwa ule mguu mmoja.

Nikamshika mabega, nikamrudisha chini.

"Mupige hivyo hivyo," nikamwambia Maxime. "Yeye na logo yako."

Hawakupiga. Maxime alikuwa amerudi nyuma, leso puani, kwa sababu shangazi yangu alikuwa ananuka.