Foleni ya Hawah

Kule Abuku, mwenyekiti wa kijiji hachaguliwi kwa sanduku. Wagombea wanasimama uwanjani, na kila mtu anapanga foleni nyuma ya amtakaye, mchana kweupe, mbele ya mume, wakwe na majirani. Aliyebuni utaratibu huo hakika hajawahi kuwa mke wa mtu.

Hawah aliyajua hayo yote na bado akajiandikisha kugombea. Tangu mumewe Igga afariki, alikuwa analima shamba la muhogo kwa hisani ya shemeji yake Latifu, mwenyekiti wa miaka kumi na sita, ambaye alikataa katakata kugonga muhuri kwenye karatasi ya ardhi yenye jina la mwanamke. Hawah alitaka jambo moja tu: muhuri ugongwe kwa mjane na kwa binti pia. Msikitini wakasema amerudi na wazimu kutoka Arua mjini, alikokwenda kuulizia haki ya ardhi. Kanisani wakakubaliana na msikiti, jambo ambalo halikuwa limetokea siku nyingi.

Lakini jikoni habari zilikuwa nyingine. Alipita jiko kwa jiko, akipepeta mtama pamoja na wenyewe, na wanawake sitini na mmoja wakamwahidi. Tena alikuwa na ujanja wake. Kwa ombi lake kwa karani, uchaguzi uliwekwa Jumanne, siku ambayo wanaume wengi wako Oraba mpakani wakipakia malori. Wake zao wangesimama wanakotaka bila macho ya mtu.

Binti yake Zuhurah hakumtia katika hesabu hiyo. Muzamili, mume wa Zuhurah, alikuwa ameshatamka mbele ya wazee: mke wangu akisimama nyuma ya mama yake, arudi huko huko kwa mama yake, na mtoto abaki. Mtoto mwenyewe alikuwa na miezi saba, bado ananyonya. Hawah alimkataza bintiye kukanyaga uwanjani.

Jumanne saa nne wanawake walikuja kweli. Mzee Sebit, askari mstaafu, akawanyoosha foleni kwa fimbo yake. Hawah aligeuka kuwahesabu. Hamsini na nane! Furaha ikamjaa. Kisha akamwona Zuhurah mwishoni kabisa, mgongo mtupu, mtoto kamwacha nyumbani.

Kabla hajamfukuza, lori likaingia uwanjani. Latifu alikuwa amelikodi kwenda kuwachukua wanaume Oraba. Walishuka taratibu, wakajipanga nyuma ya mwenyekiti wao, wakawatazama wake zao. Hakuna aliyetukana. Waliita tu.

"Mama Anguzu! Kuja hapa."

"Paska, mimi iko hapa, wewe naenda wapi?"

Mama Anguzu alijifanya anafunga kitenge vizuri, akavuka. Paska akamfuata. Baadaye wakawa wanavuka watatu watatu, macho chini, na Acidri, karani wa uchaguzi, akangoja na filimbi yake, kwa kuwa kabla ya filimbi mtu ana ruhusa ya kuhama. Hatimaye nyuma ya Hawah alibaki mmoja tu.

Muzamili alikuwa amepitia nyumbani. Alisogea mbele na mtoto anayelia mkononi.

"Zuhurah, mimi nasema mara moja tu. Wewe nabaki hapo, mutoto huyu utaona tena kwa macho ya mbali."

Maziwa yalikuwa yamelowesha gauni la Zuhurah. Hakusogea.

"Mimi nabaki," alisema.

Hawah alishikwa na hofu ambayo hakuipata hata siku ya kumzika Igga. Kura ndiyo hiyo, ya kweli, na bei yake inalia pale mbele.

"Nenda, mwanangu."

"Mama, mimi nasema nabaki."

"Nenda kwa bwana yako! Mimi ni mama yako, mimi ndiyo nasema!"

Sauti ilitoka kali, na Hawah akaitambua. Ilikuwa ya Latifu akifunga kikao. Zuhurah alimkazia macho.

"Baba alisema olewa, mimi naolewa. Muzamili nasema kuja. Mimi nafikiria wewe peke yako ndiyo utauliza mimi nataka nini."

Akavuka. Akampokea mtoto, akamnyonyesha pale pale kwenye foleni ya Latifu, na filimbi ikalia.

Acidri alihesabu upande ule akamalizia na Zuhurah, mtu wa mia mbili na tatu. Halafu akaja kwa Hawah na kuchungulia nyuma yake, kwa kutimiza wajibu.

"Mama, sheria inakubali wewe kujihesabu. Niandike moja?"

Hawah alimtafuta binti yake kwa macho. Zuhurah alikuwa amempa mgongo.

"Andika sifuri," alisema. "Mimi pia nimetoka kwa foleni hii."