Bango la Macho

Mtaani walimwita Bwana Maoni. Tangu astaafu udereva wa lori hakuna aliyemwomba ushauri, lakini aliugawa bure, tena kwa ukarimu. Simu za kisasa? Upuuzi mtupu. Kulipa kwa simu? Wizi wa mchana kweupe. Pesa uishike mkononi, bwana. Na ramani inayoongea? Loo! Mtu mzima aelekezwe njia na sauti ya kisichana kilichofungiwa ndani ya simu! Madereva wa siku hizi ndio usiseme, kila mmoja kapewa leseni harusini.

Ajabu ni kwamba vitu vyote alivyovichukia miaka ya karibuni vilikuwa na maandishi madogo. Nyumbani hakuna aliyelitaja hilo. Mkewe alikuwa mwanamke wa kunyamaza.

Siku hiyo leseni ilikuwa inakwisha, na mtu wa umri wake hapewi nyingine mpaka apimwe macho kliniki. Bila leseni hana usukani, na bila usukani, alivyoona yeye, anageuka mzigo wa kubebwa, yeye aliyebeba mizigo ya watu maisha yake yote. Asubuhi chai ilimshinda. Hakusema anaogopa. Alisema chai haina sukari.

Hata hivyo, Bwana Maoni si mtu wa kukamatwa kizembe. Kinyozi wake alikuwa amepimwa kliniki hiyo hiyo, na mwenye kumbukumbu kali ni kinyozi: alimtajia herufi zote za bango la ukutani, mstari kwa mstari. Mzee akazikariri bafuni, akazikariri kitandani, mpaka mkewe akamuuliza kama anajifunza kuroga.

Njiani aliendesha yeye, angeendesha nani? Mkewe alikaa pembeni, mkoba mapajani.

"Taa nyekundu hiyo, mume wangu."

"Nimeiona!" Breki zikalia.

"Mwenye baiskeli huyo."

"Kwani mimi kipofu? Ndiyo maana sikupi gari mimi. Una wasiwasi mno. Dereva mwenye wasiwasi ni hatari kuliko mlevi."

Mkewe alikuwa na leseni yake halali ndani ya ule mkoba. Akasema, "Haya," akaendelea kutazama barabara.

Kliniki walipokewa na mpima macho, binti mwenye koti jeupe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Tufanye haraka, mimi sina tatizo."

Akamkalisha kwenye kiti, akamziba jicho moja, akamwambia atazame mbele. Bwana Maoni akatazama. Ukutani aliona kitu cha mraba, chenye ukungu kama kila kitu siku hizi. Ndilo lenyewe! Kabla binti hajageuka, akajikohoza na kuanza.

"H! V, Z! D, S, N!" Akaporomoka nazo bila kupumua mpaka mstari wa chini kabisa, ule wa kusomwa na mwewe. Na kwa kuwa kunyamaza hakujui, akaongeza, "Ila huku chini wamechapa vibaya. Wino hafifu. Kazi za siku hizi!"

Kwenye benchi, mkewe aliinama akawa anatafuta mkobani kitu ambacho hakikuwamo.

"Baba," binti akasema kwa upole, "lile bango tulishalitoa. Hiyo ni skrini. Na bado sijaiwasha."

Bwana Maoni akafungua mdomo atoe maoni kuhusu skrini. Hayakutoka. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, akatamani ardhi ipasuke.

Akapimwa sawasawa. Mtoto wa jicho, kushoto na kulia. Ugonjwa huo unatibika, binti alimwambia, lakini mpaka afanyiwe upasuaji, usukani asiuguse.

Nje, miguu yake ilimpeleka mlango wa dereva kwa mazoea. Akasimama hapo kidogo, kisha akampa mkewe ufunguo na kuzunguka upande wa pili. Mkewe akavuta kiti mbele, akarekebisha kioo, akafunga mkanda.

"Umejua tangu lini?" mzee akauliza.

"Tangu siku ulipolipigia honi pipa la taka, ukalitukana halikupishi."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Sikukuambia?" Mkewe akawasha gari. "Taa nyekundu hiyo. Baiskeli hiyo. Mtoto huyo anavuka. Kila siku nilikuwa nakuambia, baba watoto. Wewe ukasema ni wasiwasi."

Walikwenda polepole hadi njia panda, na hapo lori la mchanga lilikuwa limeegeshwa vibaya, limemziba mkewe asione upande wa mzee.

"Hebu nitazamie upande wako. Kuna gari?"

Mzee akageuza shingo, akakaza macho kweli kweli. Vivuli vilikuwa vinapita, au vilikuwa vimesimama. Machozi yakamlenga.

"Sijui, mke wangu," akasema. "Angalia wewe."

Mkewe akainama mbele ya kifua cha mumewe, akaangalia, kisha akaingiza gia.